Vimeng'enya vya Damu na Saratani za Njia ya Chakula

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kikemia mwilini bila yenyewe kumalizika. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga wa ugali tonge likiwa bado mdomoni. Tumbo lina chake cha kuvunja nyama na maharagwe. Kongosho humwaga vingine kadhaa kwenye utumbo mwembamba. Lakini vilivyo vingi havitoki nje ya seli. Vinafanya kazi humo humo, kuunguza sukari, kujenga na kubomoa, na seli inapozeeka na kufa, sehemu ndogo ya vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana damu ya mtu mwenye afya haikosi vimeng'enya, ila huwa vichache na kiasi chake hakibadiliki sana. Kiasi hicho kikipanda au kikishuka, mahali fulani mwilini pana jambo.

Wazo la kuitafuta saratani kwa kuchoma sindano mkononi limejengwa juu ya hilo. Uvimbe wa saratani ni kundi la seli zinazozaana bila kipimo na kufa kwa wingi. Ni haki kutarajia kwamba zitaacha nyayo katika damu. Swali ni kama nyayo hizo huonekana mapema kiasi cha kumsaidia mgonjwa, na kama zinaweza kutofautishwa na nyayo za magonjwa mengine. Swali hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, magharibi mwa Kenya, ambako saratani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, inaua watu wengi, na baadhi yao ni vijana.

Kimeng'enya cha kwanza kutumiwa kama alama ya saratani katika damu hakikutoka katika njia ya chakula. Mwaka 1938 Alexander na Ethel Gutman, wa New York, walionyesha kwamba fosfatesi ya asidi hupanda katika damu ya wanaume ambao saratani yao ya tezi dume imeenea mifupani. Matumaini yalipanda pamoja nayo. Mwaka 1954 watafiti wawili, Hill na Levi, walieleza jinsi dehidrojinesi ya laktati, ambayo karatasi za maabara huiandika LDH, inavyoongezeka katika damu ya wagonjwa wa saratani za aina nyingi. Ilionekana kana kwamba mlango umefunguka: tone la damu, mashine, jibu.

LDH inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana katika kimeng'enya hiki kimoja mna uzuri wote wa wazo hili na udhaifu wake wote. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa na kuigeuza kuwa laktati hata pale oksijeni inapokuwa tele, jambo ambalo seli ya kawaida hulifanya inapobanwa tu, kama msuli wa mkimbiaji anayepanda mlima. Kazi ya kutengeneza laktati hiyo ni ya LDH. Uvimbe mkubwa, wenye njaa ya sukari, una LDH nyingi, na seli zake zikifa LDH hiyo humwagika. Kimantiki mambo yamenyooka.

Shida ni kwamba LDH imo karibu katika kila seli ya mwili. Ina vimeng'enya ndugu vitano, vinavyofanya kazi moja lakini vikitofautiana kidogo kwa umbo: kimoja ni cha moyo na chembe nyekundu za damu zaidi, kingine cha ini na misuli, na kadhalika. Malaria hupandisha LDH kwa kuvunja chembe nyekundu. Mshtuko wa moyo huipandisha. Nimonia, homa ya ini, hata misuli iliyochoka kwa kazi ngumu ya shamba huweza kuisogeza juu. Zaidi ya hayo, chembe nyekundu zina LDH zaidi ya mara mia ya ile iliyo katika majimaji yanayozizunguka. Kichupa cha damu kilichotikiswa kwenye pikipiki katika barabara ya vumbi, au kilichokaa saa nyingi kwenye joto bila kutenganishwa, kitatoa jibu la juu hata kama mwenye damu hana ugonjwa wowote. Mtaalamu wa maabara aliye makini huliona hilo kwa macho kabla ya mashine: majimaji ya juu, ambayo yanapaswa kuwa na rangi ya manjano hafifu, yanakuwa mekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Sampuli hiyo hutupwa na mgonjwa hutolewa damu upya. Pasipo na umakini huo, herufi H ya "juu" huchapwa kwenye karatasi, na familia nzima inakosa usingizi.

Karatasi ya kile kinachoitwa mitaani "kipimo cha ini" ina vimeng'enya vingine viwili vinavyohusika hapa. Cha kwanza ni fosfatesi ya alkali, ALP, na cha pili ni gama-glutamili transferesi, GGT. Vyote viwili hukaa kwenye kuta za mirija midogo ya nyongo ndani ya ini. Nyongo ikizibiwa njia, iwe kwa jiwe, kwa uvimbe ulioota kwenye kichwa cha kongosho, au kwa seli za saratani ya utumbo zilizohamia kwenye ini, seli za mirija hiyo hutengeneza ALP kwa wingi na kuisukuma kwenye damu. Kupanda huku kunatokana na kuziba tu, wala si lazima seli ziwe zimekufa. Ndiyo sababu daktari anayemwona mzee aliyegeuka manjano macho, anayejikuna usiku kucha na mwenye choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi, akikuta ALP na GGT ziko juu sana, atataka picha ya kongosho na mirija ya nyongo siku hiyo hiyo. Vimeng'enya vimemwonyesha mtaa. Nyumba ataitafuta kwa mashine ya picha.

ALP peke yake hudanganya kwa urahisi. Hutoka pia mifupani, kwa hiyo kijana anayerefuka ana ALP ambayo ingemtia hofu mtu mzima. Hutoka kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mama mjamzito anayo juu. GGT haitoki mifupani, na hapo ndipo ulipo ushirika wao: zikipanda pamoja, chanzo ni ini au nyongo, ikipanda ALP pekee, mfupa hutazamwa kwanza. Lakini GGT nayo hupandishwa na pombe, na pia na dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitoni. Mnywaji wa chang'aa anaweza kuwa na GGT ya kutisha na asiwe na saratani hata punje.

Amilesi na lipesi za kongosho hazihitaji maneno mengi. Hupanda ghafla kongosho inapovimba na kuuma, na amilesi hurudi chini upesi. Kwa saratani ya kongosho, ambayo hukua taratibu na kuharibu kiungo kimyakimya, mara nyingi huwa za kawaida kabisa. Hazifai kutumiwa kuisaka.

Pepsinojeni ni habari tofauti, na pengine ndiyo yenye mafanikio makubwa kuliko zote katika kundi hili. Ni kimeng'enya ambacho bado hakijakomaa: seli za ukuta wa tumbo huitoa, asidi huikata, ikawa pepsini ya kuvunja protini. Sehemu ndogo yake huingia kwenye damu. Ziko aina mbili. Ya kwanza hutengenezwa na sehemu ya juu ya tumbo, ile yenye tezi za asidi. Ya pili hutengenezwa na tumbo zima na mwanzo wa utumbo. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori akikaa tumboni kwa miaka mingi huchakaza tezi hizo, na pepsinojeni ya kwanza hushuka huku ya pili ikibaki. Tumbo lililochakaa hivyo ndilo ambalo baadaye huweza kuzaa saratani. Wajapani walilichukua wazo hilo wakalifanya kipimo cha umma: pepsinojeni ya kwanza isiyozidi nanogramu 70 kwa mililita, pamoja na uwiano wa kwanza kwa pili usiozidi 3, huhesabiwa kuwa dalili ya tumbo lililochakaa, na mwenye majibu hayo huitwa kuangaliwa kwa kamera. Kinachosifika hapa ni uaminifu wa kipimo chenyewe. Hakidai kuona saratani. Kinaona udongo ambamo saratani huota, na kazi yake ni kuchagua nani apewe nafasi kwenye foleni ya kamera. Hata hivyo saratani ya tumbo huweza kuota pasipo uchakavu huo, na hapo kipimo hupita bila kuona kitu.

Katika utumbo mpana kuna kinesi ya piruvati ya aina ya M2. Ni kimeng'enya kingine cha kuunguza sukari, ambacho katika seli za uvimbe hukaa katika umbo legevu la vipande viwili badala ya vinne. Wajerumani walitengeneza kipimo chake cha damu, kisha cha kinyesi, na cha kinyesi ndicho kilichofaa zaidi kwa saratani ya utumbo mpana. Tatizo lake ni lile lile: utumbo uliovimba kwa ugonjwa usio saratani hutoa kimeng'enya hicho hicho. Vipo pia vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazoshikilia seli pamoja, viitwavyo metaloproteinesi, ambavyo uvimbe huvitumia kujifungulia njia ya kwenda viungo vingine. Hupanda katika damu ya wagonjwa wengi wa saratani za umio, tumbo na utumbo, lakini hupanda pia mahali popote mwili unapoponya jeraha.

Kimeng'enya kinachoigusa nchi ya chai moja kwa moja ni dehidrojinesi ya alkoholi, ADH. Kazi yake ni kuchukua alkoholi na kuigeuza kuwa asetaldehidi. Hii ni sumu. Hujishika kwenye DNA ya seli na kuiharibu, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka ile inayotokana na unywaji wa pombe katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mwili una kimeng'enya cha pili, dehidrojinesi ya aldehidi, ambacho huichukua sumu hiyo na kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara. Kazi ya mmoja isipoenda sambamba na ya mwenzake, asetaldehidi hujaa. Ni kama kiwanda cha chai ambacho majani yanaingia kwa malori huku tanuri la kukaushia ni moja.

ADH nayo ina ndugu, na kila ndugu ana makao yake. Daraja la kwanza hukaa hasa katika ini. Daraja la nne hukaa kwenye utando wa umio na tumbo. Watafiti wa Białystok nchini Poland, wakiongozwa na Wojciech Jelski na Maciej Szmitkowski, walivipima vimeng'enya hivi kwa miaka mingi katika tishu na katika damu ya wagonjwa. Waliona kwamba katika saratani ya umio na ya tumbo, daraja la nne hupanda katika damu. Katika saratani ya utumbo mpana na ya ini, daraja la kwanza hupanda. Katika ya kongosho, daraja la tatu. Waliona pia kwamba ADH inapopanda katika seli za saratani, dehidrojinesi ya aldehidi haipandi nayo. Uvimbe, kwa maneno mengine, una uwezo mkubwa wa kutengeneza sumu na uwezo mdogo wa kuiondoa. Ni ugunduzi mzuri, unaosaidia kueleza ugonjwa wenyewe. Kama kipimo cha kuwasaka wagonjwa wasiojijua bado haujafika popote, kwa kuwa wagonjwa waliopimwa walikuwa tayari wamejulikana, na tofauti kati yao na wenye afya, ingawa ipo, ina eneo kubwa la kupishana.

Turudi sasa kwenye nchi ya chai. Chepilat ni soko lililokaa mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik. Upande mmoja ni Wakipsigis, upande mwingine Wakisii, na pande zote mbili ni chai, ng'ombe wa maziwa na mahindi. Ugonjwa wa umio haujui mpaka huo. Tangu miaka ya 1960 madaktari waliandika kwamba magharibi mwa Kenya kuna wingi usio wa kawaida wa saratani hii, na leo inajulikana kuwa eneo hilo ni sehemu ya ukanda mrefu unaoshuka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi kusini mwa Afrika. Takriban wagonjwa wote wa ukanda huu wana aina inayoota kwenye utando bapa wa umio, tofauti na aina ya tezi ambayo sasa imetawala Marekani na sehemu za Ulaya.

Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet, ndiyo iliyoupa ugonjwa huu uso. Mwaka 2002 daktari mpasuaji Russell White na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio ni ya kawaida miongoni mwa vijana wa wilaya ya Bomet. Mwaka 2010 ilichapishwa orodha ya wagonjwa 109 wa Tenwek waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini yake. Katika nchi nyingi daktari anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja wa umri huo.

Sababu zimetafutwa kwa bidii. Utafiti uliofanywa Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na IARC ulionyesha mchango wa pombe, chang'aa na busaa zikiwemo, na wa vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 IARC ilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda kunasababisha saratani ya umio. Katika nchi ya chai jambo hili halina budi kusemwa sawasawa: jani la chai halina hatia. Kinachounguza utando ni joto la kikombe kilichomiminwa kutoka kwenye chupa ya chai na kunywewa papo hapo, kabla mvuke haujatulia. Dakika chache za kusubiri hazimnyimi mtu chochote.

Mursik nayo imechunguzwa. Ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, sotet, ambacho ndani yake hupakwa mkaa wa mti kama senetwet. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mursik ya eneo hili na kukuta asetaldehidi, ile ile inayotengenezwa na ADH, kwa kiwango kinachoweza kuharibu DNA. Kukuta sumu ndani ya chakula si sawa na kuthibitisha kwamba chakula hicho kimeua, na mursik isitiwe hatiani kwa ushahidi huo peke yake. Lakini inaonyesha kwamba asetaldehidi huweza kufika kwenye umio wa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe, na wagonjwa wa namna hiyo wapo wengi.

Ikiwa sumu inajulikana, na kimeng'enya kinachoitengeneza kinajulikana, kwa nini watu wa Chepilat wasipimwe damu wote? Sababu ya kwanza ni udogo wa kitu kinachotafutwa. Saratani ya umio, ikiwa bado inatibika, ni baka la milimita chache kwenye mrija wa sentimita 25 hivi. Mtu mzima ana damu ya lita tano, na ini lake halipumziki kuisafisha. Kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye baka hilo hupotea kama kijiko cha sukari kilichotiwa kwenye tangi la maji. Uvimbe unapokuwa mkubwa kiasi cha kubadilisha damu, mara nyingi mgonjwa mwenyewe alikwisha kuujua.

Sababu ya pili ni hesabu, na wengi huishangaa mara ya kwanza. Chukua mfano wa kubuni wa watu wazima 10,000 ambao 30 kati yao wana saratani hii bila kujua. Tuseme kipo kipimo kizuri, kinachowakamata wagonjwa 80 katika kila 100 na kuwakosea wenye afya 10 tu katika kila 100. Kitawakamata wagonjwa 24. Kitawatia pia hofu watu 997 wasio na kitu. Katika kila 43 watakaoambiwa kwamba damu yao si nzuri, mmoja ndiye mgonjwa. Na wagonjwa sita watapelekwa nyumbani na karatasi inayosema wako salama. Hao sita ndio wa kuhurumiwa zaidi, maana dalili zitakapoanza watazipuuza wakiikumbuka karatasi hiyo. Hakuna kimeng'enya cha damu kinachojulikana kwa saratani ya umio ambacho kimefikia hata ubora wa kipimo hiki cha kubuni kwa ugonjwa wa mapema.

Alama zisizo vimeng'enya hazijafanya vizuri zaidi kwa kusaka. CEA, iliyogunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, hufaa kumfuatilia mtu aliyekwisha kupasuliwa saratani ya utumbo mpana. CA 19-9 husaidia kufuatilia ya kongosho, lakini watu ambao damu yao haina kundi la Lewis hawaitengenezi kabisa, hata wakiwa na uvimbe mkubwa, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Daktari anayelisoma jibu la "sifuri" la CA 19-9 kwa mgonjwa wa Bomet anapaswa kulikumbuka hilo. Kizazi kipya hutafuta vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea katika damu. Mwezi Julai 2024 Marekani iliidhinisha kipimo cha namna hiyo kwa saratani ya utumbo mpana, kiitwacho Shield. Katika utafiti wake kiliwaona wagonjwa wa saratani 83 katika kila 100, lakini kwa vioteo vikubwa ambavyo bado havijawa saratani, ambavyo ndivyo vyenye faida kubwa kuvikata, kiliona 13 tu katika 100.

Basi umio huchunguzwaje? Kwa macho. Kamera nyembamba hupitishwa mdomoni hadi kwenye umio, na daktari hunyunyizia maji ya iodini ya Lugol. Kinachofuata ni kemia ile ile ya sukari aliyoiona Warburg, ila sasa inaonekana waziwazi kwenye kioo cha runinga. Seli zenye afya za umio zina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Zikiguswa na iodini hugeuka kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi iliyochemka sana. Seli zilizoanza kuharibika zimekwisha kuila akiba yake. Hazishiki rangi. Katikati ya ukuta wa kahawia hubaki kisiwa cha manjano hafifu, chenye kingo kali, mahali ambapo dakika moja kabla hapakuonekana kitu. Kipande kidogo hukatwa hapo na kupelekwa kwenye hadubini.

Mwaka 2016 Michael Mwachiro na wenzake walitoa matokeo ya kazi hiyo kwa watu wazima 305 wa eneo la Tenwek wasiokuwa na dalili yoyote. Watu 44, yaani asilimia 14.4, walikuwa na mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani. Walikuwa wakilima, wakichuma chai, wakila vizuri. Hakuna kipimo cha damu ambacho kingewatenga na majirani zao. Kwamba kazi hii huokoa maisha kumeonyeshwa China, katika wilaya ya Cixian, mkoa wa Hebei, ambako ugonjwa huu nao umejaa: baada ya miaka kumi, katika vijiji vilivyochunguzwa kwa kamera na iodini mara moja tu, waliokufa kwa saratani ya umio walikuwa asilimia 3.35 ya watu waliohusika, na katika vijiji ambavyo havikuchunguzwa asilimia 5.05.

Vimeng'enya vina nafasi yao, nayo ni kubwa baada ya ugonjwa kujulikana. ALP iliyopanda humfanya daktari atafute kama saratani imefika kwenye ini au mifupa kabla ya kumpasua mtu bure. LDH iliyo juu sana huonyesha mzigo mkubwa wa ugonjwa. Na kiko kimeng'enya kimoja ambacho kukipima kunaweza kumwokoa mgonjwa na dawa yenyewe. Fluorouracil, dawa ya kale inayotumika kwa saratani nyingi za njia ya chakula, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho DPD. Wachache huzaliwa na DPD dhaifu. Kwao dozi ya kawaida hugeuka sumu, mdomo ukajaa vidonda na damu ikaisha chembe nyeupe. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Baadhi ya mabadiliko ya jeni yanayodhoofisha DPD hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na vipimo vilivyotengenezwa kwa kuwaangalia Wazungu peke yao haviyatafuti.

Dalili ya saratani ya umio haiko kwenye karatasi ya maabara, iko mezani. Kwanza nyama hukwama kifuani na mtu huisukuma kwa maji. Baada ya wiki kadhaa ugali nao hukataa, akaanza kuulainisha kwa mchuzi na kumeza matonge madogo. Kisha hubaki na uji, chai na mursik, nguo zikimpwaya. Katika muda huo wengi hutibiwa vidonda vya tumbo, hununua dawa za asidi dukani, au hulipia vipimo vya damu kimoja baada ya kingine, na kila jibu zuri huwapotezea mwezi. Umio hutanuka, kwa hiyo chakula kigumu kinapoanza kukwama, nafasi yake imekwisha kupungua mno. Wengi wanaofika Tenwek wakiwa katika hali hiyo hawawezi tena kupasuliwa, na huwekewa stenti, mrija wa waya unaopanua njia ili waweze kula. Kati ya 1999 na 2008 hospitali hiyo iliwawekea wagonjwa zaidi ya 900.

Mtu mzima wa Chepilat, Sotik, Borabu au Bomet ambaye chakula kinamkwama, awe na miaka 25 au 70, awe mnywaji au la, aombe kuangaliwa umio kwa kamera wiki hiyo hiyo, hata kama majibu yake yote ya damu ni mazuri.